Swali la Nesi

Vidole vya nesi wa zahanati ya Nkowe vilinuka siki hata baada ya sabuni. Kachumbari alishaiacha zamani. Kila alipompaka mwanamke asidi ile ya siki kwenye shingo ya kizazi, alisubiri dakika moja, maana penye dalili ya saratani hugeuka peupe. Dakika hiyo aliijaza kwa swali lile lile, kwa sauti iliyochoka: "Ufuta utavuna lini, mama?" Wanawake wa Nkowe walilifanyia utani njiani. Zaina, wa mwisho siku hiyo, alilala kitandani na jibu lake tayari mdomoni. Nesi akapaka, akainama na tochi. Dakika ikapita bila swali lile. Kisha akamshika goti.

"Mama, nani atakusaidia kuvuna?"