Faini ya Bibi Mwenye Nyumba

Chumba chetu cha Makorora kilikuwa upande wa mbele wa nyumba. Ukitaka kwenda uani, jikoni au chooni, lazima upite ukumbini, na ukumbini ndipo bibi mwenye nyumba alipokaa tangu asubuhi, juu ya mkeka, akisuka ukili. Alikuwa mjane. Nyumba ile aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo iliyomlisha. Masharti yake alitueleza siku tuliyohamia: kodi tarehe mosi, ikipita, kila wiki faini ya shilingi moja, na mwenye deni hahamishi hata jamvi.

Mume wangu alikubali. Tulikuwa wageni, Washambaa wa Kilutheri tulioshuka mlimani kutafuta kazi, na vyumba vilikuwa adimu. Tatizo ni kwamba yeye alikata mkonge kwenye shamba nje ya mji, na huko mtu hulipwa kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi, kikijaa. Akiugua, au mvua ikizuia kazi, kipande kinasogea mbele. Tarehe mosi haikusogea. Tulichelewa kila mwezi, na kila mwezi faini ikatula.

Nikajifunza kuishi kwa masikio. Mtoto analilia uji, uji uko jikoni, nami nimesimama nyuma ya mlango nangoja bibi aende kutawadha. Haja inanibana, nangoja. Siku nyingine nilikosea, nikamkuta palepale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kipande cha mumeo hakijajaa?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Angenitukana, angalau ningemchukia.

Mwaka wa pili, dereva wa lori la mboga kutoka Lushoto alipiga hodi. Mama yangu yu mahututi, ananiita. Dereva mwenyewe alikuwa anaendelea Pangani, asingeweza kunichukua. Mume wangu alikuwa amelipwa juzi yake, na bibi alikwishapokea kodi na faini ya wiki tatu. Zile za faini ndizo zingekuwa nauli yangu. Nikamfuata mkekani, nikapiga magoti.

"Bibi, nirudishie za faini tu. Mama yangu anakufa."

"Mwanangu, sharti ni sharti. Nikikusamehe wewe, wale wa chumba cha uani nitawaambia nini?"

Mume wangu aliporudi jioni hakufoka. Alisema tu, "Kesho twende kwa Liwali."

Barazani kwa Liwali, mashauri ya mji yanakoamuliwa, bibi alikuja amejifunika buibui, ametulia, mtu anayejua haki yake. Mzee aliyesikiliza mashauri akamwuliza, "Kodi yako wamekulipa?"

"Wamenilipa yote."

"Na hizi za juu ni za nini?"

"Za kuchelewa."

"Bibi, wewe unaswali. Deni limechelewa, ukaliongeza kwa kuwa limechelewa. Hilo kwetu linaitwaje?"

Bibi akalitamka polepole: "Riba." Akaanza kulia mbele ya watu. "Mimi nimekula riba?" Akafungua pindo la kanga, akaniwekea zile shilingi kiganjani.

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Mlimani nilikuta kaburi bichi. Mama alikuwa amezikwa jana yake.

Niliporudi, bibi alinipokea mlangoni, akaniketisha mkekani pake, akanipakulia wali wa nazi. Nililia begani mwake. Sikuwa na bega jingine mjini. Hakugusia siku ile aliyonikatalia, nami sikumwuliza.

Mwezi ulipokwisha alituita. Faini hataki tena, akasema, hataki moto wa Mungu kwa ajili ya vyumba. Ila kodi imepanda. Na ilipanda kwa shilingi tatu, kiasi kilekile tulichozoea kutozwa.

"Kodi ni halali," akasema, kwa sauti yake ileile ya upole.

Mume wangu alizunguka Ngamiani na Chumbageni akitafuta chumba kingine. Hakupata tulichokimudu. Tukabaki mle miaka, na kila mwezi ulipoelekea mwisho yeye aliuza nusu ya posho yake ya unga hukohuko shambani ili kodi itimie, akarudi nyumbani akaniambia ameshiba.