Mke Wangu Anataka Nimwite Jina Ambalo Mdomo Wangu Unakataa

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka sabini na moja. Naishi Walukuba hapa Jinja, kwetu ni Wanale, Mbale. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hii nimeandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sikuomba mtu. Nilikuwa askari jela. Waliofanya kazi na mimi wanajua, wafungwa wakisikia kiatu changu tu kelele inaisha. Hata leo vijana wa boda wananiita afande na wananipisha njia.

Siku ya imbalu yangu, yaani tohara ya sisi Wamasaba, nilisimama mbele ya kijiji kizima, macho wazi, sikupepesa. Ukipepesa umeaibisha ukoo. Mwenye kisu mwenyewe alisema huyu ni jiwe. Nawaambia hivyo mjue mnaongea na mtu gani.

Sasa huyo jiwe ameachwa na mke.

Mtoto wetu wa kwanza aligongwa na lori la miwa, alikuwa kwa pikipiki anatoka kazini. Tukamzika Wanale. Mama yake alianguka kwenye udongo, mimi sikutoa chozi. Wazee walinishika mkono wakasema, "Umesimama vizuri." Nilijisikia mwanaume.

Kitu kimoja mimi sikukiona, mke wangu ndiye alikiona. Miaka yote nilimwita kwa jina la huyo mtoto, Mama Fulani, kama watu wote wanavyoita wake zao. Nikiwa bado kwa mlango nampigia kelele alete maji ya kuoga, Mama Fulani! Tangu mazishi nikawa nasema "wewe" tu. Wewe, chai. Wewe, funga mlango.

Akaacha kula. Hospitali wakampa vidonge, akawa anasinzia kama kuku mgonjwa. Ndipo jirani akampeleka kanisa moja mjini, kwa mshauri, mwanamke umri wa binti yangu, amesomea mambo ya akili na anaomba pia. Wanakaa chumba cha nyuma. Anamrudisha pole pole kwenye siku ile mbaya, halafu anamwambia amuulize Yesu, ulikuwa wapi? Siku moja mke wangu akarudi akasema, "Nimemwona. Alipiga magoti pale barabarani, amekishika kichwa cha mtoto." Nikacheka, nikamwambia hayo ni ya wanawake. Lakini jioni hiyo alikula, hilo sikatai.

Akaniomba twende wote. Nikavaa koti, viatu nikapiga rangi. Mshauri akasema, "Mzee, funga macho, turudi kule pamoja."

"Binti, macho haya hayakufungwa mbele ya kisu, yatafungwa mbele yako?"

Akatabasamu, hakukasirika. "Basi yaache wazi. Na machozi yako sitaki, kaa nayo. Naomba kitu kidogo tu. Mwite huyu mama kama ulivyokuwa unamwita."

Nikasimama. Kweli nilisimama wima, kifua mbele, nikatazama ukuta. Wakasubiri. Mke wangu alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anangoja mlango ufunguliwe. Nikakaa hivyo hivyo mpaka mshauri akafunga kwa maombi.

Njiani nikamwambia kwa furaha, "Umeona? Sikutikisika!"

Akasimama katikati ya wauza nyanya. "Mzee, mle ndani hakuna mtu alikuwa ameshika kisu."

Haikuchukua muda akafunga mzigo akaenda Wanale, analima karibu na kaburi. Akasema, "Siku utaweza kuniita, nitasikia. Kama huwezi, niache nikae na yule aliyenipa jina."

Nimempigia simu. "Unamtaka nani?" akauliza. Nikasema, "Nakutaka wewe." Akangoja. Nikasikia kuku wake wanalia, na pumzi yake. Akakata.

Nimejaribu nikiwa peke yangu nyumbani. Nasema "Mama," halafu nageuka nawasha redio. Hata hapa nilitaka niwaandikie jina la kijana, admin angelificha. Niliweka herufi ya kwanza nikafuta. Mshauri amenitumia salamu kwamba kiti changu bado kipo. Na mimi naogopa kiti. Mimi! Naogopa nikifunga macho nitaona barabara tupu, kijana yuko chini na hakuna mtu amepiga magoti.

Msiniambie muda unaponya, nimeshasikia hiyo. Nyinyi mliozika mtoto, jina lake mlilitoaje mdomoni mara ya kwanza? Semeni haraka. Jana mtu ametoka Mbale akaniambia mke wangu ameanza kupanda migomba, na hakuna mtu anapanda migomba mahali anapopita tu. Nifanyeje?