Abiria wa Ijumaa

Harufu ya grisi iliyochemka juani ndiyo inayonirudisha Riyadh. Baba alikuwa fundi wa kafili mmoja tajiri wa mtaa wa Al-Malqa, bosi wake na mdhamini wa vibali vyetu, ambaye shambani kwake, nje ya mji, alijenga reli ndogo inayozunguka mitende, na treni ambayo kichwa chake kilinifikia kifuani tu. Kila Ijumaa baada ya alasiri Baba aliiendesha ikiwa tupu, huku madam, mke wa bosi, ameketi barazani akiitazama. Hatukuuliza. Mambo ya matajiri, Baba alisema, huwezi kuyamaliza.

Nilikuwa na miaka minane bosi alipotupatia mfuko wa nguo za mtoto. Kwetu, ukipewa nguo unaivaa mbele ya aliyekupa, aone umeipokea kwa moyo. Basi Mama alinivisha gauni la njano, akanisuka, tukaenda shambani Ijumaa kushukuru. Madam alisimama. Hakulia wala hakufoka. Alinishika mkono, akaniketisha katika behewa la kwanza, akasema, "Yalla, Nura." Treni ilipokwisha kuondoka ndipo mlinzi wa lango alipomnong'oneza Mama kwamba Nura alikuwa binti yao, na kwamba alikuwa amefariki.

Tangu hapo, kwa amri ya bosi, nikawa abiria wa kila Ijumaa, kwa gauni lilelile. Nilikatazwa kusema, sauti yangu isije ikamzindua madam. Kiti kile kilinitisha mno. Nilijibanza upande mmoja ili nimwachie Nura mwenyewe nafasi.

Mwaka haujaisha, gauni likaanza kunibana. Nilimsikia Baba jikoni akisema, "Mama Mercy, hiyo gauni ikikataa kumuingia, bosi atasema halas, kazi imekwisha. Na ikama zetu zote za kuishi huku ziko kwake." Mama alifumua mishono, akaongeza kitambaa kwapani. Haikutosha, akaanza kunipunguzia wali. Nikiomba niongezewe, aliniambia nimeshiba. Lakini Ijumaa moja, nikipanda behewa, gauni lilipasuka mgongoni. Madam alinitazama kama mtu aliyeamshwa, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwezi huohuo tulirudishwa Kenya.

Sasa naishi Nakuru na nina binti wa miaka mitatu. Maji yanakatika kila wiki, na hatuna hata mti mmoja uani, lakini kila nguo inapomkataa mwanangu natamani kupiga vigelegele. Mama huja Jumapili. Humpakulia mjukuu wake wali mpaka sahani inafurika, na mtoto akisema ameshiba, humsihi ale tena kidogo, bila kunitazama usoni.