Shangazi Felista na Migono ya Mto Pangani

Harufu ya mto ilitufikia kabla hatujauona. Ilikuwa harufu ya tope lililopigwa na jua, ya majani yaliyooza, na juu ya yote ule uchachu wa makapi ya mkonge yaliyotupwa kutoka korona, kiwanda cha kuchakata mkonge alikofanya kazi baba. Wageni waliziba pua. Mimi nilikuwa na miaka kumi mwaka ule, na harufu ile ilinifanya nipunguze mwendo, kwa sababu nilijua kwamba baada ya hatua chache Shangazi Felista angevua kandambili zake, apandishe khanga hadi magotini na kuingia majini.

Mama alikuwa amekwenda Maramba kumuuguza bibi, akakaa huko miezi mingi kuliko alivyotarajia. Baba alilala kambini shambani, akaja nyumbani Jumapili tu baada ya misa. Kwa hiyo niliachwa kwa Shangazi Felista, dada yake mkubwa baba, mjane aliyeishi peke yake kijijini kwetu, si mbali na Hale, kwenye kingo za Mto Pangani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Marehemu mumewe alimfundisha kutega migono, ile mitego ya fito iliyofumwa kama kikapu kirefu, samaki akiingia hatoki. Kila alfajiri, kabla sijaenda shule, tuliteremka mtoni pamoja. Aliitegua migono, akamimina perege na kambale kwenye beseni, akatia matonge ya ugali wa pumba ndani yake na kuitega upya. Kazi yangu ilikuwa kukaa ukingoni na kuangalia maji. Wiki chache kabla, mamba alikuwa ameburuta mbuzi pale wanawake walipofulia, na tangu hapo kila mtu aliyekwenda mtoni alikwenda na mwenzake.

Sikumbuki ni siku gani hasa nilianza kushuku. Labda ni siku alipompita mama mmoja wa jirani njiani bila kumsalimia, kisha mama yule alipokohoa, shangazi akageuka upesi na kumwamkia kwa jina. Labda ni zile asubuhi alizonipa sindano nimtungie uzi akisema mikono yake ina jasho. Nilianza kumchunguza. Niliona kwamba nyumbani alitembea bila kusita, lakini kiti kikisogezwa kidogo alikigonga. Na mtoni nikagundua jambo lililonikosesha usingizi. Alikuwa amefunga kamba ya mkonge kwenye mti wa ukingoni, ikapita kwenye vigingi vya migono yote hadi kwenye kisiwa kidogo cha mchanga katikati ya mto. Nilidhani kamba ile ni ya kuzuia mitego isichukuliwe na maji. Kumbe aliishika mkononi kila hatua, kwenda na kurudi.

Asubuhi moja niliona kitu cheusi kikielea kumwelekea, nikapiga kelele. Shangazi alisimama palepale, maji yakimfika mapajani, uso wake umeelekea upande usiokuwa na kitu.

"Upande gani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Niambie upande gani."

Lilikuwa rundo la magugu. Lilimpita taratibu, likaenda zake. Alipotoka majini alikaa kando yangu, akakamua khanga yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shangazi, huoni?"

"Naona mwanga. Naona mtu akisimama karibu. Inatosha."

"Baba anajua?"

"Hajui, wala hutamwambia. Akijua atanitoa mtoni, na nikitoka mtoni nitakuwa mtu wa kuketishwa mkekani na kuletewa chakula. Umenisikia?"

Nilimsikia. Niliahidi. Kuanzia siku ile nilibeba kitu kizito ambacho sikuwa na pa kukitua. Baba alipokuja Jumapili nilimwamkia shikamoo na kukimbilia jikoni, nikiogopa kwamba akinitazama machoni atasoma kila kitu. Usiku niliota maji. Darasani nilisikia jina langu likiitwa mara ya pili na ya tatu. Tumbo liliniuma kila alfajiri, na shangazi, asiyejua ni woga, alinichemshia majani machungu ninywe.

Kisha ikaja wiki ya mitihani ya kufunga muhula. Siku ya kwanza tulitakiwa shuleni mapema sana, na shangazi akaniambia niende moja kwa moja, yeye angemngoja jirani ateremke naye. Nilijua hatamngoja mtu. Huyo jirani angeona jinsi anavyoishika kamba. Nilifika darasani, nikaandika jina langu juu ya karatasi, nikasoma swali la kwanza mara nyingi bila kulielewa. Kwetu anga lilikuwa jeupe, lakini kupitia dirishani niliiona milima ya Usambara imefunikwa na wingu jeusi tangu jana yake. Mvua ya milimani hutufikia sisi kama maji, bila tone moja kudondoka kijijini. Niliinuka. Mwalimu aliniuliza nakwenda wapi, nikasema naumwa tumbo, na haukuwa uongo.

Nilikimbia njia nzima. Ukingoni nilikuta kandambili na beseni, basi. Mto ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, umepanda, unakwenda kwa kasi na kubeba matawi. Kamba ilikuwa imekatika, kipande chake kikichezacheza majini. Shangazi alikuwa kule kwenye kisiwa, amekaa kwenye mchanga uliobaki mdogo kama kitanda, ameukumbatia mgono mmoja. Hakuwa akiita. Hakuwa amemwita mtu yeyote.

"Shangazi!"

Aliinua kichwa. "Ni wewe? Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Vizuri. Usiite mtu. Nielekeze tu, nitakuja kwa sauti yako."

Aliinuka na kuingia majini. Nikamwambia kushoto kidogo, mbele, hapana, rudi. Hatua ya nne maji yalimfika kifuani, akayumba. Wakati huohuo, juu ya mkondo, nikaona kitu kirefu kimelala majini. Sikuweza kujua ni nini. Nikamwambia arudi mchangani, na alipofika mchangani nikageuka na kukimbia, nikilia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikisema shangazi yangu haoni, shangazi yangu yuko mtoni na haoni. Niliyasema hayo kwenye kila mlango.

Mzee Hoza, jirani mwenye mtumbwi, alimvusha pamoja na wanaume wawili, mchanga ukiwa umebaki kiasi cha kusimama. Kile kitu kirefu kilikuwa gogo. Shangazi aliambiwa hivyo mbele ya watu, akanipita bila kunigusa. Hakusema nami hadi Jumapili. Baba alipokuja alikaa naye ndani muda mrefu, kisha akaitoa migono yote na kuirundika nyuma ya nyumba.

Walimpeleka hospitali mjini Tanga. Ilikuwa mtoto wa jicho, katika macho yote mawili. Walimpasua jicho la kulia likapona vizuri. La kushoto alilichelewesha mno. Mwaka uliofuata alirudi mtoni, kwa mtumbwi wa Mzee Hoza, akiwa amekaa wima mbele kama mwenye mtumbwi ni yeye.

Siku hizi ninaishi mjini Tanga, mtaa wa Raskazone. Perege ninaowanunua wamefugwa bwawani, huletwa na bodaboda hadi mlangoni, na hakuna anayeingia mtoni kwa ajili yao. Shangazi amezeeka sana. Pasaka iliyopita nilimuuliza kama alinisamehe kwa kuvunja ahadi. Akasema, "Mimi ndiye niliyekosa. Nilikuwa na woga, nikakupa wewe uubebe."

Nilimjibu kwamba mambo hayo yamepita, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini binti yangu ametimiza miaka kumi mwaka huu. Asubuhi ninamfunga vifungo vya shati la shule, bega lake linaenea kwenye kiganja changu, na ninaona jinsi nilivyokuwa mdogo.