Masaa Kumi ya Ndege

Kila ninapopita kwenye harufu ya katani, namkumbuka bibi yangu amesimama mlangoni kwetu Magoma, ameshika uzi mkononi.

Uzi ule wa katani nilitoka nao shuleni. Mwalimu alitufundisha kuulaza juu ya ramani, nami niliulaza kutoka Dar es Salaam hadi Moscow, alikokuwa baba yangu mdogo, Athumani, akisomea udaktari. Nchi ilikuwa changa, ilihitaji madaktari, na kijiji kizima tulijivuna kana kwamba tumempeleka sisi. Nikaupima uzi, nikagawa kwa mwendo wa ndege, nikapata masaa kumi, na alama ya vyema. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

"Masaa kumi tu?" Bibi alishangaa. "Mie nikipeleka maharage sokoni Manundu natoka jogoo la kwanza, nafika jua linazama. Kumbe Athumani yuko karibu kuliko Manundu!"

Akaufunga uzi pindoni mwa khanga. Sikumsahihisha. Hesabu yangu ilikuwa na vyema, ningeipinga vipi?

Miezi michache baadaye babu alifariki alfajiri. Kwetu maiti haicheleweshwi, ila mtoto aliye mwendo wa kutwa husubiriwa aje atie udongo. Kaburi lilipokuwa tayari, Bibi akasimama mlangoni, akazuia mwili usitolewe. Akafungua pindo la khanga, akauonyesha uzi.

"Athumani ni masaa kumi. Tumngojee mwanangu."

Husemwa penye wazee haliharibiki neno, lakini siku ile wazee walitazama chini. Nani amwambie mfiwa kwamba amekosea? Mwisho macho yote yakanigeukia mimi, msomi wao wa darasa la sita. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Bibi," nikasema, "ndege ndiyo masaa kumi. Lakini Baba Mdogo hajui kama kuna msiba. Barua yetu itamfikia baada ya mwezi."

Bibi akaukunja uzi.

"Basi yuko mbali," akasema, akapisha njia.

Babu akazikwa adhuhuri ile. Nililia sana, na nikiri kwamba nusu ya machozi yale yalikuwa ya aibu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya Athumani, aliyoiandika kabla ya msiba. Nilimsomea Bibi akichambua maharage. Nilipofika penye "mpe baba shikamoo yangu," nikakoma kusoma. Bibi hakuinua uso.

"Marahaba," akajibu, kwa sauti nzito kama ya babu. "Haya, endelea."

Nilidhani uchungu umemchanganya akili, nikamwonea huruma. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Siku ile barua yetu ilikuwa bado njiani. Kule Moscow babu alikuwa angali hai, na salamu ya mtoto kwa baba yake haiachwi bila kuitikiwa.