Mpanda Farasi Hahitaji Viatu

Niseme wazi tangu mwanzo: nilikwenda Columbus kugombana. Mume wangu alinisindikiza mpaka kwenye gari akiniambia hasira hasara. Nikamjibu kwamba hasara nilishaipata zamani, sasa ilikuwa zamu ya hasira. Nikamwachia watoto, nikatoka Louisville, Kentucky, asubuhi na mapema, nikaendesha zaidi ya masaa matatu bila kuwasha hata redio. Yote hayo kwa sababu ya filamu ya zamani ya makauboi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010, nami nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba moja si mbali na mtaa wetu wa Iroquois. Mzee mmoja alitaka televisheni yake ioneshe makauboi kutwa nzima. Jumapili moja mchana ninamlisha uji, nikainua macho, nikaona ngome. Watu wachache wako ndani, jeshi zima limewazunguka nje. Filamu ile niliijua tangu nina miaka kumi.

"Usihofu," nikamwambia mzee kwa Kiingereza changu cha kazini. "Farasi wanakuja kuwaokoa."

Akanitazama kwa huruma. "Hakuna anayekuja, binti. Wote wanafia humo humo. Hata watoto wa shule wanalijua hilo."

Nilisimama na kijiko mkononi mpaka mwisho. Ukuta ukavunjwa, wakauawa mmoja baada ya mwingine, majina ya waigizaji yakapita. Hakuna aliyekuja. Uji ulikuwa umeshapoa, nami nilikuwa nimewaka hasira. Nilijua hasa nani wa kumtolea.

Kwenye senta ya soko kwetu, Kivu ya Kusini, palikuwa na chumba cha video: mabenchi, jenereta, pazia la gunia. Lugha za filamu hatukuzijua, kwa hiyo alikuwapo mtafsiri. Alisimama kando ya televisheni akisema maneno ya kila mtu na kuongeza chumvi yake. Filamu ya ngome ile aliirudia Jumapili nyingi, maana tuliidai. Kila mara ukuta ulipoanza kubomoka, alizima televisheni. "Kaseti imekatikia hapa," alitangaza, "lakini mwisho wake naujua!" Hapo kwato zilianza kusikika nyuma ya pazia, naye akawahesabu wapanda farasi wakishuka mlimani kuja kuwaokoa watu wa ngomeni. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Aliyenipeleka alikuwa kaka yangu, mkubwa kwangu kwa miaka minane. Yeye mwisho ule hakuwahi kuusikia. Filamu ikikaribia kuisha alikuwa anatoka, eti haja ndogo. Njiani kurudi nyumbani mimi ndiye niliyemsimulia, naye kila mara aliuliza, "Leo walikuwa wangapi?"

Miaka miwili baadaye kijiji chetu kikazungukwa na watu wenye silaha. Ilibaki njia moja tu, ya bondeni nyuma ya kanisa. Vijana wachache wakakubaliana kubaki mbele, wawacheleweshe wale watu ili akina mama na watoto wapite. Kaka alikuwa mmoja wao. Nilimng'ang'ania shati, nikakataa kuondoka. Akavua viatu vyake, akavijaza majani visinipwaye, akanivalisha. "Nenda," akasema. "Farasi wanakuja, si unajua? Mpanda farasi hahitaji viatu." Nikaenda. Hatukumwona tena.

Kambini Tanzania, na baadaye Kentucky, nilijifariji kwamba alikufa akiwa na tumaini. Siku ile ya uji faraja hiyo ikanigeuka. Niliona kaka yangu amekufa kijinga, akingoja farasi wa mpiga domo mmoja. Angeujua mwisho wa kweli, angekimbia nasi. Kibaya zaidi, uongo ule mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea, Jumapili baada ya Jumapili.

Mtafsiri alikuwa anaishi Whitehall, pembeni mwa Columbus. Watu wa kanisa waliniambia kwamba alifikia mji wa Buffalo kwanza, theluji ikamfukuza. Nilimkuta amevaa bado fulana ya ghala anakofanya kazi, amezeeka, magoti yanamsumbua. Akanikaribisha chai. Nikaikataa. Kwetu kukataa chai ya mtu mzima ni tusi, na nilitaka liwe tusi.

"Papa, wale watu wa ngomeni walikufa wote," nikasema nikiwa nimesimama.

"Balikufa bote, ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Kaseti haikukatika hata siku moja."

Nikamtapikia yote. Nikamwita mwongo, nikamwambia kwamba kaka yangu aliamini farasi wake na ndiyo maana alibaki. "Wewe ndiye uliyemuua," nikasema. Niliponyamaza kuvuta pumzi, alinivutia kiti.

"Bon. Sasa miye niseme. Kaka yako aliangalia ile filamu kabla yenu, siku ya Jumamosi, yote mpaka mwisho. Alilia sana. Kisha akaniambia, kesho nitaleta mdogo wangu, asione vile banakufa. Nikamuuliza, donc farasi nitatoa wapi? Akasema, weye sema tu, miye nitapiga."

Akachukua vikombe viwili vya plastiki, akavifudikiza mezani, akaanza kuvigonga kwa zamu. Ko-ko-ko. Ilikuwa sauti ile ile ya kwato.

"Ulifikiri ni nani alikuwa nyuma ya pazia?" akauliza.

Nikaketi. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba baadaye, kwa simu. Chai niliinywa. Hasira haikuniisha, ilihama tu. Nilipokuwa nikirudi Louisville nilimkasirikia kaka kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai, nikapiga usukani, nikamtukana kwa sauti peke yangu barabarani. Alikuwa anajua hakuna anayekuja. Alijua, akavua jozi yake pekee ya viatu, akasimama peku juu ya mawe na kunichekea usoni kana kwamba ni Jumapili.

Angenisukuma, ningerudi. Angeniambia ukweli, ningebaki naye. Kwa hiyo aliniambia farasi wanakuja, nami nikakimbia na viatu vyake.