Mama Aliyekataliwa na Mashine

Habari ya kifo chake ilinikuta mjini Migori, nimesimama kwa fundi wa magurudumu, na jambo la kwanza nililolihisi, wasomaji wangu mnisamehe, lilikuwa hasira. Mzee yule ameondoka kabla sijamalizana naye. Kabla sijaanza kuwasumbua kwa safu hii, nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika kampuni ya samaki iliyokuwa na ofisi mjini hapa na kiwanda kule ziwani, upande wa Homa Bay. Yeye alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi kiwandani, juu ya akina mama wanaopasua mbuta na kutoa minofu. Sijapata kufanya kazi na mtu mkaidi kama yule. Nilikuwa nikiona namba yake kwenye simu, naiacha ilie mpaka ichoke.

Ugomvi wetu ulianza tulipoleta mashine ya kusoma alama za vidole. Zamani yeye ndiye aliyeita rejista kila asubuhi, tena si kwa majina ya kwenye kitambulisho bali kwa makwao: Nyar Sori, binti wa Sori, Nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Kila aliyeitika aliongeza neno: mtoto ana homa, mume hajarudi kutoka ziwani, mgongo unauma. Kwa hayo alijua nani ampe kisu na nani ampeleke kufungasha siku hiyo. Mimi niliipima shughuli hiyo kwa saa yangu, nikaona dakika kumi na mbili zinapotea bure. Basi tukawakusanya wafanyakazi, tukawaonyesha picha ukutani, tukawapa soda, tukawaambia kwamba mabadiliko hayamngoji mtu. Mafunzo yalikwisha kabla ya chakula cha mchana, nami nikarudi Migori nikijipongeza.

Wiki haikupita, mashine ikaanza kukataa watu. Nyar Sori, aliyepasua samaki tangu kiwanda kifunguliwe, alibonyeza kidole asubuhi baada ya asubuhi, na taa nyekundu ikawaka. Kisu, chumvi, barafu na dawa ya kusafishia meza vilikuwa vimezila ncha za vidole vyake mpaka hazikubaki na mstari hata mmoja. Kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, asiyesomwa hakuja kazini, na asiyekuja siku tatu mfululizo huandikiwa barua ya kuachishwa. Nikaiandika. Sikuwa nimewahi kumwona mama huyo. Nilimtumia msimamizi barua amkabidhi, naye kesho yake akatokea ofisini kwangu na gambuti zake miguuni, harufu ya samaki ikimtangulia.

"Bosi, hii mashine inasema huyu mama hajakuja," alisema, barua mkononi. "Na mimi namuona hapo mbele yangu, kisu iko kwa mkono. Sasa tuamini nani, mashine ama macho yangu?"

"Mzee, kanuni ni kanuni. Mwambie afute kidole vizuri."

"Amefuta na leso, amefuta na majivu. Wacha hawa wenye wamekataliwa niwaandike kwa kitabu. Wewe weka tu sahihi."

"Nikikuruhusu wewe, kila mtu atataka kitabu."

"Basi mimi nakaa hapa."

Akakaa kweli. Tangu saa nne hadi saa nane alikuwa kwenye benchi mlangoni pangu, akiwasalimia wapita njia na kuwauliza habari za nyumbani kana kwamba yuko arusini. Nisingeweza kutoka kwenda kula bila kumpita. Saa nane tumbo likanishinda, nikatia sahihi ili aondoke. Haikuwa huruma, ilikuwa njaa.

Tangu siku hizo nimeona mitambo mipya ikiingia katika shule, hospitali na ofisi za kila namna, na nachoshwa. Kila mahali ni zile picha za ukutani, zile soda, na yule mkubwa anayesema wazee wanapinga mabadiliko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi wa maofisini ndio tunaowapangia wengine namna ya kulala. Tena mzee yule hakuipinga mashine. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuibonyeza kila asubuhi, na ndiye aliyewashika akina mama mikono mmoja mmoja akiwaonyesha kidole gani kinakubalika. Alichotaka ni kwamba yule asiyeonwa na mashine aonwe na mtu. Ilinichukua miaka kulielewa jambo jepesi kama hilo, na nikilikumbuka najikasirikia.

Tulimzika Jumamosi, Kisegi. Baada ya kaburi kufunikwa, mama mmoja mwenye mvi alitoka katika kundi la wafanyakazi wa zamani, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ni wewe ule bosi wa Migori? Mimi ndio Nyar Sori. Mzee alituambia. Alisema ni wewe mwenyewe ulifikiria hiyo maneno ya kitabu. Alisema siku hiyo ulikataa hata kula, hadi ukaweka sahihi. Nimefanya hiyo kazi mpaka nikastaafu. Ero kamano, bosi. Asante sana."

Barua yangu hakuwahi kuiona, wala kuisikia. Mzee aliificha, akanivika sifa nisiyoistahili ili wale mama wasiichukie ofisi wala mashine yake, kisha akafa akaniacha nayo. Ningegombana naye wapi sasa? Nilitaka kumwambia mama ukweli, nikashindwa, maana bado alikuwa amenishika, na vidole vyake vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Namwambia hapa: mama, kitabu kilikuwa chake. Yangu ilikuwa barua ya kukuachisha kazi. Nanyi mtakaoleta mashine yenu Jumatatu ijayo, kabla ya kuandika kanuni nendeni mkawashike mikono watakaoibonyeza. Mimi mkono wa Nyar Sori niliushika kwa mara ya kwanza matangani.